Mnara katika uwanda wa mbayuwayu: uchambuzi wa kisa cha kuboresha mtandao wa simu Nyanda za Juu Kusini

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya maofisa mazingira, maofisa wanyamapori, watendaji wa vijiji na wahandisi wa mawasiliano wanaokutana kwenye miradi ya aina hii bila kuwa na lugha moja ya kuizungumzia. Majina ya vijiji, kampuni na watu yameondolewa, na alama za mahali zinazoweza kumtambulisha mhusika zimeachwa. Mfuatano wa mambo na sababu za maamuzi vimebaki kama vilivyokuwa.

Usuli

Kata inayohusika iko katika nyanda za juu baina ya Mbeya na Njombe, kwenye mwinuko ambao asubuhi za Juni na Julai umande huganda juu ya majani. Wakazi wake hulima viazi mviringo, pareto na ngano kidogo, na hufuga ng'ombe ambao hulishwa kwenye uwanda mpana wa nyasi ulio juu ya makazi. Uwanda huo ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na upande wake mmoja unapakana na eneo lililohifadhiwa kisheria.

Mtu akitaja wanyamapori wa kusini, wengi hufikiria Ruaha na tembo wake. Uwanda huu hauna tembo, na mgeni anayeupita kwa gari wakati wa kiangazi anaweza kuapa kuwa hauna kitu chochote zaidi ya ng'ombe. Hata hivyo ni wa jamii moja na nyanda za Kitulo, zile ambazo wenyeji huziita Bustani ya Mungu na ambazo mwaka 2005 zilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa hasa kwa sababu ya mimea yake, zikiwemo okidi za aina nyingi. Mvua zinapoanza, uwanda hubadilika. Okidi huchipua kutoka kwenye viazi vyake vilivyolala ardhini, tandawala, ndege wakubwa wa nyikani, huanza kutembea nyasini wakitafuta wenza, na mbayuwayu wa buluu huwasili kuzaa.

Mbayuwayu huyu ndiye kiini cha kisa. Ni ndege mdogo, mweusi mwenye mng'ao wa buluu iliyokolea, na dume ana manyoya mawili marefu ya mkia kama nyuzi. Duniani kote idadi yake ni ndogo na inapungua, kwa sababu anategemea nyanda za nyasi za milimani ambazo zinageuzwa mashamba na misitu ya miti ya kupandwa. Huzaa kusini mwa Afrika na katika nyanda zetu za kusini wakati wa mvua, kisha huondoka kwenda maeneo ya kuzunguka Ziwa Victoria, Uganda na magharibi mwa Kenya. Tofauti na mbayuwayu tunaowazoea wanaojenga chini ya mapaa ya nyumba, huyu hujenga ndani ya ardhi: hutafuta shimo lililodidimia lenyewe au pango la muhanga, yule mnyama wa usiku anayechimba ardhi akitafuta mchwa, akaingia ndani na kubandika kikombe cha tope na majani kwenye dari au ukuta wake. Kwa hiyo shimo ambalo mkandarasi analiona kuwa hatari kwa magurudumu ya mtambo ndilo nyumba ya ndege huyo, na shimo zuri linaweza kutumiwa tena msimu unaofuata.

Pembezoni mwa uwanda ulisimama mnara wa simu wa miaka mingi, mlingoti mwembamba wa kama mita 60 ulioshikiliwa na nyaya za chuma zilizotandazwa pande tatu. Ulikuwa na huduma ya 2G pekee, uliendeshwa kwa jenereta ya dizeli, na ulikuwa na taa nyekundu zinazowaka mfululizo usiku kucha kwa ajili ya usalama wa ndege za angani.

Hitaji la kuuboresha lilikuwa la kweli, na uchambuzi wowote unaolipuuza hautendi haki. Mkulima wa kata hii alikuwa akipanda kilima ili ujumbe wa ruzuku ya mbolea umfikie. Wanunuzi wa viazi kutoka mjini walikuja na bei wanayoitaka kwa sababu mkulima hakuwa na njia ya kuuliza bei ya soko siku hiyo. Muuguzi wa zahanati aliyehitaji gari la wagonjwa kwa mama mwenye uchungu uliokwama alitegemea simu inayokatika katikati ya sentensi. Wananchi waliiomba 4G kupitia kwa diwani wao kwa muda mrefu.

Mpango wa awali

Kampuni inayomiliki mnara, kwa niaba ya kampuni ya simu, ilileta mpango wenye sehemu nne. Mlingoti wa nyaya ungeondolewa, kwa sababu haungeweza kubeba uzito na msukumo wa upepo wa antena mpya, na mahali pake pangejengwa mnara wa miguu minne unaojitegemea. Mkongo wa mawasiliano, yaani waya wa nyuzi za kioo unaobeba data, ungefikishwa kwa mtaro uliokata uwanda moja kwa moja, njia fupi kuliko zote. Umeme wa msongo wa kati ungeletwa juu ya nguzo kwa kuvuka uwanda huohuo. Njia ya gari ingepanuliwa ili mitambo ipite.

Kwa kuwa mnara ulikuwepo tayari, kazi ilichukuliwa kama uendelezaji wa mradi wa zamani, na tathmini ya mazingira ilifanywa kwa ufupi. Wataalamu walitembea uwandani mwezi Agosti. Ripoti yao ilisema eneo ni malisho yaliyotumika sana, nyasi fupi zilizoungua kwa sehemu, na kwamba hakuna mimea wala wanyama adimu walioonekana. Sentensi hiyo ilikuwa kweli kabisa kwa siku ile. Mwezi Agosti okidi ziko chini ya udongo na mbayuwayu wako kaskazini, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Yaliyotokea

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa Septemba. Karibu muda wote ulitumika katika jambo moja, nalo ni mionzi. Wafugaji wa nyuki walitaka kujua kama mizinga yao itakimbiwa. Akina mama waliuliza kuhusu watoto wa shule iliyo chini ya kilima. Mwakilishi wa kampuni alijibu kwa kusoma karatasi yenye vipimo ambavyo hakuna aliyevielewa, na majibu ya namna hiyo huongeza hofu badala ya kuipunguza.

Mkutano ulipokuwa unaelekea kufungwa, mzee mmoja mfugaji alisimama. "Ndugu mwenyekiti," alisema, "mimi kwenye mionzi sina neno. Nauliza huo mtaro utapita wapi, maana kule juu mashimo mnayoyaona yana wenyewe." Watu walicheka kidogo, wakidhani anamzungumzia muhanga, mwenyekiti akamshukuru, na kikao kikaahirishwa. Muhtasari wa mkutano una ukurasa mzima kuhusu mionzi na hauna hata mstari mmoja kuhusu swali la mzee huyo.

Mitambo ilipanda katikati ya Oktoba. Mkandarasi alianza mtaro upande wa mashariki, na ili mtambo wa kuchimbia usizame, vijana waliajiriwa kwenda mbele yake wakifukia mashimo kwa udongo na mawe. Hakuna aliyevunja amri yoyote. Mpango wa usalama kazini ulielekeza mashimo yafukiwe.

Siku chache baadaye wachungaji walimpelekea habari ofisa wanyamapori wa wilaya kwamba "ndege wa mashimo" wamefika na wanazunguka mahali ambapo shimo lilikuwepo. Ofisa alipanda uwandani pamoja na mzee wa mkutanoni. Mzee alimwonyesha jinsi ya kulitambua shimo lenye ndege bila kuingiza mkono: unakaa mbali, unasubiri, na ndege akirudi na mdudu mdomoni huzama ardhini ghafla kana kwamba amemezwa. Kwenye shimo moja ambalo halijafukiwa walimulika kwa tochi kutoka pembeni. Ndani, kwenye dari lenye mizizi ya nyasi, palikuwa na kikombe cha tope kilichokauka cha msimu uliopita, na ukingo wake ulikuwa na tabaka jipya la tope bichi ambalo bado lilikuwa na rangi nyeusi ya unyevu. Umbali wa hatua chache kutoka hapo palikuwa na kigingi cha njia ya mtaro.

Ofisa mazingira wa halmashauri aliarifiwa siku hiyohiyo. Kwa makubaliano na kampuni ya minara, kazi ya mtaro ilisimamishwa mwanzoni mwa Novemba, huku kazi ya msingi wa mnara, iliyokuwa ndani ya uzio wa zamani, ikiruhusiwa kuendelea.

Maamuzi na sababu zake

Vikao vilivyofuata viliwakutanisha halmashauri ya kijiji, maofisa wa wilaya, wahandisi wa kampuni na mtaalamu wa ndege aliyeombwa kushauri. Pendekezo la kwanza, la kuhamishia mnara kijijini chini, liliachwa mapema. Kilima kilichaguliwa kwa sababu kinaona mabonde yote matatu. Mnara ukishushwa, ingebidi ijengwe minara miwili zaidi ili kufikia watu walewale, na mmoja wao ungeangukia tena kwenye nyasi.

Mkongo ulikuwa suala gumu kuliko yote, kwa kuwa mkataba wa njia fupi ulikwishatiwa saini. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa mseto. Mkongo uliletwa kwa kufuata ukingo wa barabara ya zamani hadi kijijini, ambako udongo ulikwishavurugwa miaka mingi, na kutoka hapo hadi kilimani data ilirushwa kwa mawimbi kati ya madishi mawili yanayotazamana. Wahandisi walipinga mwanzoni, wakisema mkongo una nafasi ya kukua isiyo na kifani. Hoja hiyo ni sahihi. Lakini walipokokotoa mahitaji ya kata yenye wakazi wachache, walikubali kuwa kiungo cha mawimbi cha masafa mafupi kinatosha kwa mnara mmoja wa 4G, na kwamba gharama ya kufuata barabara ilifidiwa kwa kiasi kikubwa na kutochimba uwandani.

Nguzo za umeme zilifutwa. Sababu haikuwa mbayuwayu, bali tandawala. Ndege wakubwa wa nyikani kama tandawala na korongo hugonga nyaya za angani mara nyingi kuliko wanavyostahili kwa ukubwa wa macho yao, na uchunguzi wa uwezo wao wa kuona umetoa maelezo: eneo wanaloliona kwa macho yote mawili mbele yao ni jembamba, na wanapoinamisha kichwa wakiruka ili kutazama chini hawaoni kabisa kilicho mbele. Kwa ndege kama huyo, waya unaovuka nyasi wakati wa ukungu ni ukuta usioonekana. Mnara ulipewa paneli za sola na betri, na jenereta ikabaki ya akiba tu. Uamuzi huu ulikuwa na faida ya ziada ambayo wanakijiji waliisikia kabla ya kuiona, kwa sababu mngurumo wa usiku kucha ulikoma.

Kuhusu taa, mtaalamu wa ndege alileta ushahidi kutoka Marekani. Uchunguzi wa Michigan uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuondoa taa nyekundu zinazowaka mfululizo na kuacha zile zinazowaka na kuzima kunaweza kupunguza vifo vya ndege kwenye minara kwa asilimia 50 hadi 71, kwa sababu ndege wanaosafiri usiku hunaswa na mwanga usiokatika na kuzunguka ndani yake mpaka wagonge nyaya au wachoke. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, katika Kiambatisho cha 14, vinaruhusu taa nyekundu za kiwango cha kati za aina zote mbili kwa kimo hicho, zile za kuwaka na kuzima na zile za mfululizo. Hakuna aliyedai kuwa matokeo ya Michigan yangejirudia hapa vilevile, kwani minara ya kule ni mirefu zaidi na ndege ni wengine. Lakini ukungu wetu ni mzito, tofauti ya bei ya taa ni ndogo, na mnara ulikuwa unabadilishwa hata hivyo. Kibali kiliombwa na kupatikana.

Ilikubaliwa pia kuwa kati ya Novemba na Aprili hakuna uchimbaji wowote utakaofanyika nje ya uzio. Na hatimaye, mashimo yote yaliyobaki karibu na njia ya gari yalitambuliwa kwa msaada wa wachungaji na kuzungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, ili dereva yeyote ayaone na kuyakwepa.

Matokeo

Mtandao wa 4G uliwashwa baada ya mvua za msimu huo, miezi kadhaa nyuma ya ratiba. Zahanati inapata simu bila kukatika. Wakulima wanapokea ujumbe wakiwa nyumbani, na baadhi yao wameanza kuuliza bei za masoko ya miji mbalimbali kabla ya kuvuna. Wachungaji wanapoona moto uwandani hupiga simu, na askari wanyamapori wa vijiji wanafika mapema kuliko zamani. Hilo ni faida ya moja kwa moja kwa nyasi na kwa okidi.

Mbayuwayu walizaa kwenye mashimo ya upande wa magharibi msimu huo na msimu uliofuata. Upande wa mashariki, ambako mashimo yalifukiwa Oktoba, hawajaonekana wakijenga tena. Muhanga hachimbi kwa agizo, na shimo lenye dari linalofaa huchukua muda kupatikana.

Mawe ya chokaa yalifanya kazi yake kwa madereva. Yalifanya pia kazi ambayo hakuna aliyeikusudia. Wawindaji wa muhanga na nungunungu, ambao awali walilazimika kutafuta mashimo nyasini kwa mbwa, sasa walioneshwa kila shimo kwa duara jeupe linaloonekana kutoka mbali. Mashimo kadhaa yalikutwa yamechimbuliwa kwa jembe, dari likiwa limeporomoka. Mawe yaliondolewa katikati ya msimu wa pili na badala yake njia ya gari ikawekewa kingo, ili dereva asiwe na sababu ya kutoka nje yake.

Taa ya juu iliharibiwa na radi mwaka uliofuata. Fundi aliyetumwa kuibadilisha alichukua iliyokuwepo stoo, nayo ilikuwa ya kuwaka mfululizo. Iligunduliwa baada ya miezi, na aliyeigundua ni mwalimu wa shule aliyezoea kuitazama jioni.

Uchambuzi

*Kalenda ya tathmini.* Naamini hili ndilo somo zito kuliko yote katika kisa hiki, na ndilo linalopuuzwa zaidi katika miradi ya nyanda zetu. Ujenzi hufanyika kiangazi kwa sababu barabara zinapitika. Tathmini hufanyika kiangazi kwa sababu hutangulia ujenzi. Uhai wa nyasi za juu hujionyesha wakati wa mvua. Kwa hiyo mfumo mzima, bila nia mbaya ya mtu yeyote, umepangwa kutazama wakati ambapo hakuna cha kuona. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini, na tathmini ilikuwepo. Kilichokosekana ni swali dogo ambalo ofisa anayepokea ripoti angeweza kuliuliza kabla ya kulisoma jambo lolote lingine: mlikwenda mwezi gani? Ikiwa eneo ni nyasi za milimani na jibu ni Julai, Agosti au Septemba, ripoti haijakamilika, hata iwe na kurasa ngapi. Pale ambapo haiwezekani kusubiri mvua, kuna njia ya pili ambayo ni nafuu na ya haraka, nayo ni kuwauliza wanaoishi na uwanda mwaka mzima.

*Maarifa ya wachungaji.* Njia hiyo ilikuwepo mkutanoni, imesimama na kuzungumza, na haikuandikwa. Nyanda hizi zimetupa funzo hili siku nyingi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Mlima Rungwe walisikia habari za kima aitwaye kipunji. Wawindaji walimjua kwa jina na kwa tabia, ilhali sayansi haikuwa na habari kuwa yupo, na alitangazwa rasmi mwaka 2005. Mzee wetu alisema mashimo yana wenyewe. Angeulizwa swali moja la nyongeza, ni akina nani hao, angetaja ndege, mwezi wanaofika na upande wanaoupenda. Tatizo halikuwa kukosa ushirikishwaji, kwa maana mkutano ulifanyika na akidi ilitimia. Tatizo lilikuwa kwamba muhtasari ulirekodi kile ambacho kampuni ilijiandaa kukijibu. Mtendaji wa kijiji anayeandika muhtasari wa mradi wa namna hii anapaswa kuandika kila swali, hasa lile lililochekwa.

*Mionzi.* Hofu ya wananchi haikuwa ya kudharauliwa na ilistahili jibu lililonyooka. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu kama mionzi ya eksirei. Athari iliyothibitika ni kupasha joto, na miongozo ya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, iliyohuishwa mwaka 2020, imewekwa ili kuzuia hilo, tena nguvu ya mawimbi hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali na antena. Ni kweli pia kuwa mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliyaweka katika kundi la 2B, la vitu ambavyo ushahidi wake una mipaka lakini hauwezi kutupwa. Mwananchi anayeambiwa yote mawili huelewa. Anayeambiwa nusu hushuku. Kuhusu ndege, jaribio lililofanyika Oldenburg, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kuwa kelele za sumakuumeme za kati ya kilohezi 50 na megahezi 5 ziliwapotezea ndege wahamao dira yao ya sumaku ya dunia. Hilo ni jambo la kutia wasiwasi, lakini 4G hutumia masafa ya mamia ya megahezi na kuendelea, nje kabisa ya masafa hayo. Kuhusu nyuki, baadhi ya majaribio yanayonukuliwa sana yalifanywa kwa kuweka simu ndani ya mzinga wenyewe, hali isiyolingana na mnara ulio kilimani. Maelezo haya yangechukua nusu saa kwa Kiswahili cha kawaida, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina wataalamu wa kupima mbele ya watu. Kwa kuwa hayakutolewa, mionzi ilimeza mkutano mzima, na hatari zilizokuwa zikionekana kwa macho, yaani mtaro, nguzo, nyaya na taa, zikapita bila kujadiliwa.

*Alama za mashimo.* Wahifadhi tunapenda kuweka alama, kwa sababu alama huonekana kwenye picha za ripoti. Lakini kuonyesha mahali pa mnyama ni kumwonyesha kwa kila mtu. Kingo za njia zilifanikisha lengo lilelile kwa kumwongoza dereva bila kumtaja anayelindwa. Orodha ya mashimo sasa iko ofisini kwa ofisa wanyamapori na vichwani mwa wachungaji wawili, na hapo panatosha. Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa okidi, ambazo viazi vyake huchimbwa na kuuzwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda. Mtandao ule ule unaomwezesha mchungaji kutoa taarifa ya moto unamwezesha mchuuzi kuagiza gunia.

*Taa.* Uamuzi mzuri ulidumu hadi hitilafu ya kwanza. Uliandikwa katika makubaliano ya ujenzi, ambayo yaliisha mnara ulipokabidhiwa, na haukuandikwa katika orodha ya vipuri ambayo fundi huitumia kila siku. Sharti lolote la mazingira lililo kwenye kifaa linapaswa kuishi mahali ambapo kifaa kinabadilishwa, yaani kwenye kadi ya matengenezo iliyobandikwa ndani ya kabati la mnara na kwenye hesabu ya stoo.

*Njia ya gari.* Hapa ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo, na sioni kama yeyote kati yetu alilipa uzito wakati wa vikao. Njia iliyopanuliwa kwa ajili ya mitambo sasa inapitisha malori ya viazi. Bei inajulikana kwa simu, lori linafika mpaka ukingoni mwa uwanda, na msimu wa pili yalionekana mashamba mapya ndani ya nyasi, yamelimwa kwa trekta hadi kwenye upeo wa mashimo. Jembe la trekta halifukii shimo moja moja kama walivyofanya vijana wa mkandarasi. Huondoa uwanda wenyewe. Tulipima madhara ya mnara kwa mita zinazouzunguka, wakati madhara yake makubwa yalikuwa yanasafiri kupitia barabara na bei. Jambo hili haliwezi kubebwa na kampuni ya minara, wala si haki kumwambia mkulima asiuze viazi. Linabebwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, ambamo kijiji chenyewe huamua wapi ni malisho, wapi ni kilimo, na wapi jembe haliingii. Mpango huo ulipaswa kuwa sharti la kupanua njia, utangulie greda. Nyasi za malisho ni mali ya wafugaji wa kijiji hichohicho, kwa hiyo wapo wakazi wenye sababu zao wenyewe za kuzitetea, mbali na sababu za mbayuwayu.

Hali ilivyo sasa

Kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji imeundwa, na mzee mfugaji ni mjumbe wake. Rasimu inatenga sehemu ya magharibi ya uwanda kuwa malisho ya kudumu, na mabishano yaliyobaki ni kuhusu mashamba ambayo yamekwishafunguliwa upande wa mashariki, ambayo wenye nayo wanataka yatambuliwe. Kampuni ya minara imeleta maombi ya mnara mwingine katika kata jirani, kwenye nyasi za aina ileile. Halmashauri imejibu kwa maandishi kwamba ukaguzi ufanyike Januari, pamoja na wachungaji, na kwamba ramani ya njia ya gari iwasilishwe siku moja na ramani ya mnara.